Mafungo ya kimya ya siku tatu: yanamfaa kweli mtu aliyechoka hadi rohoni?

Ukitaka kujua kama nyumba ya mafungo itakupumzisha au itakuongezea uchovu, omba ratiba yao kabla hujalipia, kisha jumlisha saa ambazo mtu mwingine atakuwa anaongea na wewe unasikiliza. Zikizidi saa mbili kwa siku, hiyo ni semina, hata kama inafanyika mahali patulivu. Semina ina faida zake. Ila mtu ambaye akili imejaa hadi anasoma ujumbe mmoja mara nne bila kuuelewa, hana pa kuliweka somo jingine.

Huduma inayopimwa hapa ni mafungo ya kimya ya siku tatu, yale yanayotolewa kwa watu wanaosema wamechoka na kulala hakuwaondolei uchovu tena. Kwa kawaida unaingia Alhamisi jioni na kutoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Unapewa chumba cha peke yako, milo inaliwa bila mazungumzo, kikanisa hakifungwi, na mara moja kwa siku unakaa na mlezi wa kiroho kwa dakika 30 hadi 40. Mzizi wake ni Mazoezi ya Kiroho ya Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, yaliyoidhinishwa na Papa mwaka 1548. Mazoezi kamili huchukua siku 30 hivi, na wengi huyafanya kwa ufupi wa siku nane. Kwa hiyo siku tatu ni kipande tu, na humo ndimo ilimo kasoro kubwa ya huduma hii. Asili yake ni Katoliki, lakini siku hizi Wakristo wa madhehebu mengi huyahudhuria, na wengine huyatoa wao wenyewe.

Kabla ya kupima dawa, tuuelewe ugonjwa, ingawa kwa hakika Shirika la Afya Duniani halikuuita ugonjwa. Katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019, uchovu huu umeelezwa kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Una sura tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi hata mtu akawa mkavu na mwenye kukejeli, na anajiona hafanyi lolote la maana. Jina lake la kitaalamu, burnout kwa Kiingereza, lilianza kusambaa mwaka 1974 kwa andiko la mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, na aliyaona haya kwanza kwa watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure huko New York. Waliojitolea. Waliopenda kazi yao. Ndiyo maana kanisani hali hii imejaa: mhudumu anayeshindwa kusema hapana ndiye anayeongezewa kamati nyingine, naye huhesabu kuchoka kwake kuwa upungufu wa imani.

Kipimo ninachotumia kwa nyumba yoyote ya mafungo ni sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Eliya ametoka kushinda kwenye Mlima Karmeli, amekimbia, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameketi chini ya mretemu (kichaka cha jangwani) na kuomba afe. Angalia mpangilio wa yanayofuata. Analala. Malaika anamgusa: ale. Kuna mkate na gudulia la maji. Analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena, na safari hii anaambiwa safari ni kubwa mno kwake. Ndipo anatembea siku 40. Ndipo linakuja pango, upepo, tetemeko, moto, na ile sauti ndogo ya utulivu. Hata hapo Mungu hahubiri. Anauliza swali, tena mara mbili, na Eliya analalamika kwa maneno yaleyale mara zote mbili bila kukemewa. Mwisho anapewa watu: Hazaeli, Yehu, na Elisha wa kushika nafasi yake, pamoja na taarifa kwamba wamebaki 7,000 wengine. Usingizi, chakula, mwendo, kusikilizwa, kisha mzigo kugawanywa. Nyumba inayopindua mpangilio huo, ikaanza na mahubiri na kumaliza na usingizi kama muda utaruhusu, inafanya kazi isiyo yake.

Tuanze na usingizi basi. Ratiba nzuri haina kipindi usiku wa kwanza. Kuna chakula, maelezo ya dakika kumi (choo kiko wapi, mlango unafungwa saa ngapi, umwite nani usiku ukihitaji), sala fupi, na watu wanakwenda vyumbani kabla ya saa 3 usiku. Asubuhi ya kwanza hakuna kengele. Nyumba nyingi hukosea hapa: zinawaamsha wote saa 11 alfajiri kwa masifu, ratiba inayofaa watawa waliokwenda kulala mapema na wamezoea. Mtu mwenye deni la usingizi la miezi mitatu akiamshwa saa hiyo atasinzia katika kila sala ya siku hiyo, kisha atajilaumu kwa kusinzia. Mlezi anayejua kazi yake atamwambia arudi kitandani. Zaburi ya 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Inazungumza na watu wanaochelewa kulala na kuamka mapema kwa ajili ya kazi.

Kuna jambo dogo la mwilini linaloharibu siku ya kwanza na halimo kwenye vipeperushi. Mtu aliyezoea vikombe vinne vya kahawa kwa siku, akifika mahali pasipo na kahawa, ataanza kuumwa kichwa saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na maumivu yanaweza kuendelea siku mbili au zaidi. Yaani mafungo yote. Watu huyahesabu maumivu hayo kuwa vita vya kiroho. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili kuanzia wiki moja kabla, au hakikisha nyumba ina kahawa.

Kuhusu mfungo wa chakula na mkesha, naona ni makosa kuviweka katika huduma hii. Vina mahali pake katika maisha ya Mkristo mwenye nguvu. Aliyefikia kiwango cha mretemu anahitaji milo mitatu na usiku mzima.

Simu ni jambo la kuamuliwa mlangoni, si chumbani. Nyumba bora inaipokea, inaizima, inaiandika jina na kuifungia kabatini. Nyumba inayosema tu "jitahidi usiitumie" inamwachia mtu asiye na nguvu apigane vita vya siku tatu. Utauona mkono ukienda wenyewe kwenye mfuko mtupu, mara kumi kabla ya chakula cha usiku. Kufikia jioni ya pili unapungua. Kwa kuwa simu ndiyo saa yako, ndiyo Biblia yako na ndiyo taa yako, beba badala yake: saa ndogo ya mezani yenye kengele, Biblia ya karatasi, tochi, na daftari. Familia iachiwe namba ya nyumba ya mafungo kwa dharura halisi, na mkubaliane kabla dharura ni nini. Mtoto kulazwa hospitali ni dharura. Ufunguo wa ofisi kutoonekana si dharura.

Sasa sala yenyewe. Kiwango kinachofaa ni vipindi vitatu kwa siku, kila kimoja dakika 30. Siku ya kwanza hata viwili vinatosha. Njia ambayo nyumba nyingi hutumia ni usomaji wa kimungu, ambao Guigo, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliupanga katika ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia mbele za Mungu. Kwa mtu aliyelemewa unahitaji kupunguzwa. Chagua mistari isiyozidi kumi. Soma kwa sauti ya chini, polepole. Kaa kimya dakika mbili. Soma tena, safari hii ukisubiri neno moja tu likushike. Kisha funga Biblia. Hatua hii ya kufunga ndiyo wengi huiruka, na hapo ndipo mambo huharibika: akili iliyochoka hukimbilia kurasa, inasoma sura tano, inatoka na maarifa na haijapumzika. Wachungaji na walimu wa shule ya Jumapili wana mtego wao zaidi. Katikati ya tafakari wanajikuta wameshapata vichwa vitatu vya mahubiri. Dawa yake ni kuandika "baadaye" pembeni ya daftari, mara moja, na kurudi kwenye lile neno moja.

Maandiko yanayotolewa yanaonyesha kama nyumba inamjua mgeni wake. Zaburi ya 131 ina mistari mitatu tu, na ni bora kuliko zote kwa siku ya kwanza: nafsi imetulizwa kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Mtazame huyo mtoto. Anayenyonya akipakatwa hatulii, anatafuta ziwa, anageuza uso na kushika nguo. Aliyeachishwa hatafuti kitu. Amelaza shavu, na mama yupo, basi. Hiyo ndiyo sala ambayo mtu asiye na maneno anaweza kuisali kwa nusu saa nzima. Zaburi ya 88 nayo inafaa siku ya pili, kwa sababu inaishia gizani na hakuna aliyeiongezea mstari wa furaha. Marko 6:30-34 ni nzuri kwa ukweli wake: Yesu anawaambia wanafunzi waende faraghani wakapumzike kidogo, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, na wanapofika umati umeshatangulia. Nyumba inayompa mtu aliyeishiwa nguvu mfano wa talanta, au Wafilipi 4:13 kama fimbo ya kumchapa aendelee, haijafikiri.

Mlezi wa kiroho ndiye anayeamua kama huduma hii ina thamani ya pesa yako. Katika dakika 30, mlezi mzuri husikiliza 25. Huanza na maswali ya kawaida: umelalaje, umekula, umetembea? Halafu: ni neno gani lilikushika, na ulipolikuta ulihisi nini? Hakufumbulii fumbo la maisha yako. Mlezi mbaya utamjua kwa mambo mawili: anakueleza uchovu wako ni pepo au dhambi iliyofichwa kabla hajakuuliza unafanya kazi saa ngapi kwa wiki, na anakutumia kusimulia ushuhuda wake. Yethro ndiye kielelezo. Katika Kutoka 18 anamwona Musa ameketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, na hamwambii aongeze maombi. Anamwambia jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye na watu wake pia, kisha anampa mpango: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Siku ya tatu mlezi anapaswa kufika hapo. Ni kazi gani hasa itatoka mikononi mwako, na ataipokea nani?

Siku ya pili ndiyo ngumu, na nyumba isiyokuonya mapema imekukosea. Usingizi umeanza kulipwa, kelele zimezimwa, na sasa unasikia vilivyokuwa chini yake. Hasira zisizo na sababu, machozi wakati wa kula, uchoshi mkubwa, hamu ya kufungasha. Evagrius Ponticus, mtawa wa jangwani aliyefariki mwaka 399, aliiandika hali hii kwa umakini wa ajabu: humvamia mtawa kuanzia saa nne na kumzingira hadi saa nane, jua linaonekana kama limesimama, naye anachungulia dirishani, anatoka nje kuangalia kama saa tisa, saa ya chakula, iko karibu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuzigeuza saa hizo. Wao nao walihesabu kutoka mapambazuko kama sisi. Na kweli ni saa hizohizo watu hurudi ofisini kuomba simu yao. Ratiba nzuri huweka hapo kazi ya mikono ya saa moja, kufagia majani au kumenya mboga, au matembezi. Kutafakari kwa kukaa kungoje hadi jioni.

Kanuni moja ya Inyasi ilindwe sana siku hiyo: wakati wa ukiwa wa moyo usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa utulivu. Barua ya kuacha kazi haiandikwi saa saba mchana wa siku ya pili. Wala ya kuacha uchungaji, wala ya kuvunja uchumba.

Ni nani asiende? Hapa sitaki kuzungusha maneno. Mwenye huzuni nzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, asiyefurahia chochote hata nje ya kazi, huenda ana sonona, na sonona hutibiwa na daktari. Mafungo yaje baadaye, kwa ushauri wake. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, ambaye amekaa siku kadhaa bila kulala na wala hahisi kuchoka, au aliyepitia tukio la kutisha hivi karibuni, kimya kirefu kinaweza kumzidishia. Hakuna anayepaswa kuacha dawa ili kuthibitisha imani. Na anayefikiria kufa asiachwe peke yake chumbani kwa siku tatu, awe karibu na mtu na apelekwe kwa wahudumu wa afya leo. Eliya alipoomba kufa alitumiwa malaika, akaguswa, mara mbili. Fomu ya kujiandikisha isiyouliza lolote kuhusu afya ya akili na dawa ni sababu tosha ya kutafuta nyumba nyingine.

Kwa watumishi wa kanisa kuna tahadhari ya ziada. Msiende mafungo yanayoandaliwa na kanisa lenu wenyewe. Mhasibu wa parokia ataulizwa risiti kwenye foleni ya chakula, mwimbishaji ataombwa "aongoze kidogo tu", na mchungaji atafuatwa chini ya mti na mtu mwenye shida ya ndoa. Tafuta nyumba ambapo hakuna anayejua cheo chako, na kwenye fomu, panapoulizwa kazi, usiandike zaidi ya inavyolazimu.

Kwa ujumla naipa huduma hii alama nzuri kwa mtu aliye mwanzoni: amechoka, amekuwa mkali nyumbani, lakini bado anacheka na bado analala akipata nafasi. Siku tatu zitamrudisha kwenye hali ambayo anaweza kufikiri na kupanga. Kwa aliyefika mbali, hazitoshi. Siku ya kwanza inakwenda kwa usingizi, ya pili kwa kuumia, na mlango unapoanza kufunguka siku ya tatu, gari limekuja. Huyo achukue siku sita hadi nane, au aunganishe siku tatu na likizo ya nyumbani ya wiki moja. Tafiti kuhusu likizo zimeonyesha mara kwa mara kwamba nafuu yake hupungua ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye kazi ileile kwa namna ileile, na sioni sababu ya mafungo kuwa tofauti.

Kwa hiyo nyumba ipimwe pia kwa inachokupa mlangoni unapotoka. Zilizo bora hutoa karatasi moja yenye mambo matatu: kazi moja utakayoikabidhi na tarehe ya kuikabidhi (isizidi siku kumi), siku yako ya sabato katika wiki (imeandikwa kwa jina lake), na mapitio ya siku ya dakika 15 kila jioni, kwa hatua tano za Inyasi: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kuitazama kesho. Kwenye sabato soma Kumbukumbu la Torati 5:15. Katika Kutoka 20 sababu ya kupumzika ni uumbaji. Hapa sababu ni kwamba mlikuwa watumwa Misri, na mtumwa hana siku yake. Anayejibu barua za kazi siku saba kwa wiki ausome mstari huo polepole. Nyumba bora zaidi hupiga simu baada ya wiki mbili kuuliza swali moja: ile kazi uliikabidhi?

Ukifika nyumbani Jumapili jioni, acha simu izimwe hadi asubuhi. Ukiiwasha, anza na jumbe za watu wa nyumbani na jamaa, kisha za kazi, na usijibu chochote ndani ya saa ya kwanza. Soma tu, ukiandika pembeni zile ambazo zilijimaliza zenyewe ulipokuwa haupo. Hesabu hiyo iende nawe kwenye kikao na msimamizi wako.